Bibi Shamba na Ekari Tatu za Baba Mkwe

Wazee wetu, ndugu, majirani, walimu wenzangu na maofisa wa kilimo mliofika, familia imenipa mimi kazi ya kusoma maisha ya marehemu, kwa kuwa hakuna aliye hai aliyeishi naye muda mrefu kuliko mimi, nami nimeyaandika kwa kufuata tarehe, kwa sababu mwenyewe hakuwa na imani na habari isiyo na tarehe, na palipo na kosa la hesabu mtaniwia radhi, aliyekuwa akinisahihisha ndiye huyu tunayemsindikiza.

Marehemu alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, katika chumba cha nyuma cha zahanati iliyotazamana na maegesho ya malori, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa fundi baiskeli na mshona nguo, ambao walifanya kazi zao katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, upande huu cherehani, upande ule minyororo na matairi, hivyo nguo za wateja zilitoka mara kwa mara na alama ya grisi, na mama yake alizoea kumwambia mumewe, "Baba watoto, ipo siku utashona wewe, na mimi nitaziba pancha, tuone wateja watamkimbia nani." Kati ya watoto wote sita ni yeye aliyekaa zaidi upande wa baba, kwa kuwa alikuwa na jicho la kutambua namba ya spana kwa kuitazama tu.

Alianza shule ya msingi Januari 1965 na kuimaliza mwaka 1971, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1972 hadi 1975, ambako alifaulu hisabati na baiolojia kwa alama za juu na kushindwa kabisa muziki, na kwa hilo kila aliyewahi kumsikia akiimba jikoni atakubaliana na walimu wake, kisha akajiunga na chuo cha kilimo Julai 1976, akahitimu Juni 1978 akiwa mwanamke pekee katika darasa la watu thelathini na wawili.

Tarehe 3 Julai 1978 aliajiriwa kuwa bibi shamba, akapangiwa bonde hili, akaja na sanduku moja la bati na baiskeli ambayo baba yake aliiunda kutokana na baiskeli tatu zilizokufa, akapewa ofisi yenye meza, dirisha lisilofunga na kabati la mbegu lililokuwa na panya, na kwa miaka mitatu ya kwanza alitembelea mashamba akiuliza maswali tu, mpaka wakulima wakawa wanaulizana kama serikali imewaletea mtaalamu au mwanafunzi.

Mwaka 1981 ndipo alipoanza kufundisha kulaza shamba, yaani mkulima atenge theluthi moja ya ardhi yake na kuiacha bila kuilima kwa misimu saba, vichaka viote, majani yaoze, udongo urudishe nguvu, kisha alime pale na kulaza kwingine, na wengi waliliona hilo kuwa ushauri wa mtu anayekula mshahara. Jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, ambaye bonde zima linamwita Kichwa Ngumu na ambaye yupo hapa leo katika safu ya pili, alimjibu mbele ya watu, "Bibi shamba, mimi nina watoto saba na ekari kumi na mbili, shamba likilala wote tunalala njaa, wewe nenda kalaze la mshahara wako," na hakulaza hata hatua moja. Waliokubali, marehemu aliwaandika katika daftari lenye jalada gumu, tarehe, ukubwa wa eneo, zao la mwisho kuvunwa pale, na sahihi au dole gumba la mwenye shamba, na kufikia mwaka 1986 walikuwa kaya kumi na moja.

Mimi nilikutana naye Mei 1982, alipokuja shule ya sekondari niliyokuwa nikifundisha hisabati, akaomba mtu wa kukagua wastani wake wa mavuno, nikakagua, nikamwonyesha kosa katika ukurasa wa nne, akachukua karatasi zake akaondoka bila kushukuru, na baada ya wiki mbili akarudi na uthibitisho kwamba kosa lilikuwa langu. Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 11 Agosti 1984, na kujaliwa watoto watatu, wa kwanza alizaliwa Oktoba 1985, wa pili Juni 1988 na wa mwisho Desemba 1993, wote wapo hapa pamoja na wajukuu wanne.

Baba yangu mzazi alikuwa kaya ya kumi na moja katika daftari lile. Alilaza ekari tatu kati ya tisa alizokuwa nazo, Oktoba 1986, baada ya kusema kwamba mzee ambaye mwanawe ameoa mtaalamu, kisha akaenda kuomba ushauri kwa jirani, huyo ana lake jambo, na kila jioni ya Jumapili alipita kando ya vichaka vile na fimbo yake akiviangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe wa maziwa, akihesabu misimu iliyobaki. Kufikia Septemba 1992 ulibaki mmoja.

Mwaka 1991 ilitoka sheria ya kulinda uoto wa asili. Sina ugomvi na kusudi lake, milima ya juu ilikuwa imeanza kubaki mitupu na mito kukauka, na marehemu mwenyewe aliifurahia alipoisoma, lakini sheria ilikuja na mwongozo wa kupima, na mwongozo ulikuja na kipimo cha chuma chenye mdomo wazi mithili ya spana, upana sentimita tano, unakipachika kwenye shina la mti usawa wa goti, shina likikataa kuingia mti huo unahesabiwa, na ekari yenye miti mia moja ya namna hiyo inapigiwa vigingi, hailimwi, hailishwi mifugo, haikatwi hata kuni, na mwenyewe halipwi chochote. Mwongozo haukuuliza miti ile ilifikaje pale. Aliyelima kila hatua ya shamba lake mwaka hadi mwaka hakuwa na shina la kupimwa, aliyelaza shamba kama alivyofundishwa alikuwa nayo mamia.

Septemba 1992 marehemu alipewa kipimo, vigingi vya saruji mia mbili na arobaini, lori na vibarua wawili, akapima mashamba kumi na moja kwa siku tisa, jumla ekari ishirini na tisa, na la mwisho, Alhamisi tarehe 24, lilikuwa la baba mkwe wake. Baba aliwapa vibarua maji ya kunywa, akasimama kando mpaka kigingi cha mwisho kikakaa sawa, ndipo akamwambia, bila kupandisha sauti, "Mama, mimi nilikusikiliza. Yule mwenzangu wa ng'ambo hakukusikiliza. Sasa nieleze, kati yetu sisi wawili nani mkulima mzuri?" Marehemu alimpa fomu, baba akaweka sahihi. Tangu siku hiyo baba aliendelea kumwita mama, kumwamkia vizuri na kumtetea mbele ya watu, lakini kwa miaka tisa iliyobaki ya maisha yake, mpaka alipofariki tarehe 19 Novemba 2001, hakumwuliza tena jambo lolote linalohusu ardhi, na sote nyumbani tulijua kwamba hilo lilimwuma marehemu kuliko matusi.

Na matusi yalikuwepo, aliitwa Mama Spana sokoni na kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na wengi wenu mnaocheka sasa ndio mliompa jina hilo.

Nitaitaja hasara, kwa kuwa aliiandika kila mwaka na asingependa nipite juu yake. Ekari zile tatu zingetoa wastani wa gunia kumi na tatu kila moja, kwa hiyo nyumba yetu ilikosa gunia thelathini na tisa kwa msimu mzuri. Nguruwe pori na nyani walihamia katika vichaka vile, marehemu akawa anaivuna mistari kumi iliyo jirani na vigingi kando na mingine na kuipima kando, akakuta palipokuwa panatoa gunia kumi sasa panatoa sita. Kuanzia 1995 tulikodi ekari mbili kwa Kichwa Ngumu, ambaye alikuwa na ardhi ya kukodisha kwa sababu hakulaza hata moja, na ambaye kila nilipompelekea kodi alinipa kiti, akanipa maji, akaniambia, "Mwalimu, ukaidi nao una mavuno yake." Mtoto wetu wa kwanza alimaliza sekondari mwaka 2003 akakaa nyumbani miaka miwili kabla hatujaweza kumpeleka chuo. Magunia hayo, mistari hiyo na miaka hiyo miwili vimo katika daftari, kwa mwandiko uleule.

Hasara nyingine haikuwa ya nyumba yetu. Wakulima walijifunza, na walijifunza haraka, wakawa wanafyeka kila mche ungali kidole, "kata kabla haujawa wa serikali", watoto wakitumwa na mapanga baada ya shule, na kufikia mwaka 2000 hapakuwa na ekari hata moja iliyolazwa katika bonde hili, wala kichaka kipya hata kimoja, na marehemu alipokwenda kwenye mikutano kusema udongo umechoka, ulazwe, aliulizwa, "Na spana umekuja nayo?" Sheria ya kuongeza miti ikawa imefundisha watu kuiogopa miti, na aliyelielewa hilo mapema kuliko yeyote ndiye aliyekuwa amevisimika vigingi kwa mikono yake.

Barua yake ya kwanza kwa wizara ina tarehe 7 Februari 1994. Aliomba kwamba shamba lililolazwa lisihesabiwe sawa na msitu, na kwamba palipo na msitu wa kweli, anayeukalia alipwe kile anachokosa. Alijibiwa kwamba barua imepokelewa. Aliendelea kuandika kwa miaka ishirini na mitano, kwa nakala, kwa takwimu, bila kupandisha sauti, akastaafu tarehe 14 Machi 2018 akiwa bado anaandika, na mwaka 2020 kamati ya watu watatu iliundwa, ikasema iko tayari kuyaangalia mashamba kumi na moja ya bonde hili kwa masharti mawili, pawe na ushahidi ulioandikwa kabla ya sheria, na aliyepiga vigingi aeleze kwa sahihi yake alikuwa anajua nini siku ile.

Ushahidi ulikuwepo, yale madaftari. Sharti la pili ndilo wenzake kazini walimshauri alikwepe, wakihofia pensheni yake, wakamwambia aandike kwamba zamani zile mambo hayakuwa wazi. Aliandika mistari mitatu, na kabla ya kuituma aliwaita wenye mashamba katika darasa la shule ya msingi, Jumamosi tarehe 6 Machi 2021, akawasomea akiwa amesimama: "Kipimo hakikukosea. Nilijua mashamba haya yamelazwa, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia wayalaze. Niliogopa kupoteza kazi, nikapiga vigingi." Mimi nilikuwa nimekaa dawati la nyuma na sikuwa nimeisoma kabla. Ndipo Kichwa Ngumu, ambaye hakualikwa na alikuwa amejiegemeza dirishani kwa nje, akauliza, "Kwa hiyo na mimi niombe radhi kwamba sikusikiliza?" watu wakacheka, wengine wakalia, na kaya mbili zikaondoka bila kuaga na hazikumwamkia kwa mwaka mzima, na marehemu alisema hiyo ni haki yao.

Januari 2022 uamuzi ulitoka. Kila mwenye shamba alipewa fomu yenye visanduku viwili, cha kwanza arudishiwe ardhi na ruhusa ya kufyeka, cha pili miti ibaki na alipwe kila mwaka kiasi ambacho, kwa hesabu ya marehemu, hakifiki nusu ya kile ambacho ardhi ingetoa. Kaya kumi zilichagua cha kwanza, na aliyekaa miaka thelathini akitazama ekari zake zikiwa nyuma ya kigingi hahitaji kujieleza. Fomu zile kumi alizipeleka ofisini marehemu mwenyewe. Ya kumi na moja, ya ekari tatu za marehemu baba, ambazo sasa ziko katika jina langu, aliiweka kando, akisema familia ya bibi shamba iwe ya mwisho ili pasiwe na neno, na mwisho wa kuipokea ni tarehe 30 Juni mwaka huu.

Tarehe 10 Oktoba 2022 iligundulika kuwa figo zake zimeshindwa kazi. Alianza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki katika hospitali ya rufaa, saa mbili na nusu za barabara kwenda na nyingine kama hizo kurudi, na kila Jumanne na Ijumaa, kwa mwaka mmoja na miezi saba, alipelekwa na pikapu ya Kichwa Ngumu, naye mwenyewe akiwa dereva, wala hakukubali kuchangiwa mafuta zaidi ya mara moja moja. Njiani walikuwa wakitaniana mpaka nikawa nasinzia. "Bibi shamba," angesema, "ningekusikiliza mwaka ule, gari hili leo ungelipata wapi?" naye angemjibu, "Ndiyo maana nakaa mbele, mwalimu kwa nyuma."

Mwezi Februari mwaka huu aliomba apelekwe kuziona zile ekari tatu. Tulimwekea kiti penye kivuli, akakaa karibu saa mbili, akatazama miti ambayo sasa mtu mmoja hawezi kuikumbatia, akauliza kuhusu mfereji wa chini, ambao ujanani kwetu ulikuwa unakauka kila Agosti, nikamwambia kwamba ni mwaka wa tisa haujakauka na kaya sita zinachota humo. Alisema, "Wanaokunywa ni kaya sita, anayelipa ni kaya moja, na hakuna aliyeulizwa." Usiku wa siku iliyofuata niliikuta fomu mezani, ameijaza kwa mwandiko wake, ukubwa wa eneo, namba za vigingi, majirani wa mipaka yote minne, ameacha visanduku vyote viwili na mahali pa sahihi. Nilimwuliza angependa kipi. Akaniambia kwamba ameshawaambia watu wa bonde hili mara mbili la kufanya na ardhi yao, na mara zote mbili gharama wakaibeba wao, kwa hiyo mara ya tatu hatasema, hata kwangu.

Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa kumi na mbili na robo asubuhi, wodi namba tatu, kitanda cha dirishani, mimi na binti yetu tukiwepo, akiwa na umri wa miaka sitini na sita, mwezi mmoja na siku ishirini na tano.

Familia inamshukuru daktari wa figo na wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, ambao walimpa kiti kilekile kila mara kwa kuwa alidai vingine vinayumba, tunawashukuru maofisa wa kilimo waliofanya kazi naye, hata wale waliomshauri anyamaze, kwa kuwa walimshauri kwa upendo, tunawashukuru majirani waliotulimia msimu uliopita bila kuombwa, tunazishukuru zile kaya kumi, zote kumi, ambazo zimekaa hapa leo, na tunamshukuru Kichwa Ngumu, ambaye jana nilimpelekea bahasha ya mafuta akanirudishia ikiwa imefungwa vilevile, akaniambia, "Mwalimu, usinitukane, nina msiba."

Nimalizie na ile fomu, kwa sababu mmeniuliza tangu juzi, na ni bora niseme mara moja mbele ya wote. Nimetia alama kisanduku cha pili. Miti ibaki. Sisemi kwamba ndivyo alivyotaka, hakuniambia, na yeyote atakayesema alimsikia anasema uongo. Sikufanya hivyo kwa kuona wale kumi walikosea, wala kwa kupenda miti, mimi ni mtu wa hesabu, na hesabu inasema nyumba yangu itapungukiwa kila mwaka nitakaoishi. Nimefanya hivyo kwa sababu maji yale yanapita kwenye nyumba sita, na kwa sababu nataka pale ofisini pawe na shamba moja ambalo kila mwaka watalazimika kulilipia, na kila mwaka nitafika dirishani kwao na karatasi inayoonyesha kwamba walicholipa hakitoshi. Watoto wetu watatu nimewauliza mmoja mmoja, wawili wamekubali, mmoja amekataa, na aliyekataa ana sababu nzuri, alikaa nyumbani miaka miwili. Kesho saa mbili ofisi inafunguliwa, nitaipeleka.

Mama watoto, umesikia. Safari hii hukumshauri mtu, uamuzi ni wangu na sahihi ni yangu, ukigeuka hasara isiandikwe kwako. Pumzika kwa amani.